Lugha Iliyongojewa Miaka Kumi na Mitano

Julai 2000, mjini Monterey, California, watu wachache wanaoitunza lugha ya kompyuta iitwayo Perl walikuwa kikaoni. Mmoja wao, Jon Orwant, akachukua kikombe cha kahawa akakirusha ukutani. Kisha kingine. Alitaka wenzake waelewe kwamba wasipobuni jambo la kuwaamsha watu, wamekwisha. Kwenye mkutano huohuo Larry Wall, aliyeitunga Perl mwaka 1987, akatangaza kwamba itaandikwa upya. Ingeitwa Perl 6.

Sisi wa chama cha lugha tuna sababu ya kumpenda mzee huyu. Alisomea isimu, na yeye na mkewe walinuia kutafuta lugha isiyoandikwa, pengine Afrika, waitungie maandishi. Afya ikawazuia, akaishia kwenye kompyuta. Ndiyo maana katika Perl jambo moja lina njia nyingi za kulisema, kama tusemavyo sisi. Miaka ya 1990, ukijaza fomu kwenye tovuti, mara nyingi Perl ndiyo iliyoipokea.

Lakini ilikuwa imejaa viraka. Je, uikarabati nyumba watu wakiwa ndani, au ubomoe? Wao wakaamua kujenga upya, hata kama programu za zamani hazitafanya kazi humo. Waliomba mapendekezo, yakaja 361. Toleo la kwanza rasmi likatoka Desemba 2015.

Hapo ndipo tulipobishana chamani. Wanaosomea kompyuta miongoni mwetu walisema kosa ni kuacha ya zamani. Wengine hatukubali. Python nayo ilivunja mambo: Python 3 ilitoka Desemba 2008, na programu nyingi za Python 2 zilikataa kufanya kazi humo mpaka zirekebishwe. Watu walilalamika sana, na Python 2 iliendelea kutunzwa hadi mwanzo wa 2020. Lakini aliyetaka kuhama alikuwa na pa kuhamia.

Kwa maoni yetu, kilichoiumiza Perl ni ile namba. Nani ajifunze ya 5 akishaambiwa ya 6 yaja? Kumbe ya 5 haikufa. Tangu 2010 imekuwa ikipata toleo jipya karibu kila mwaka, ila wa nje hawakujua. Waliona mrithi ametajwa, wakadhani mzee ameshazikwa.

Oktoba 2019 Perl 6 ilibadilishwa jina, ikawa Raku, lugha nyingine kabisa. Wall aliafiki, akitaja mfano wa Injili wa kiraka kipya kwenye vazi kuukuu. Miaka 19 baada ya vile vikombe!

Baada ya ubishi tulifungua kompyuta ya mwenzetu mmoja, ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa Perl, tukaiuliza kama inayo, na ni toleo gani. Ilikuwemo. La 5.