Mabaki ya Programu Iliyoondolewa

Mpangaji ahamapo, mara nyingi huacha vitu nyuma yake. Je, mwenye nyumba avitupe ama avitunze? Swali la namna hii liliwakabili mafundi wa kompyuta katika miaka ya 1990, na majibu yao yastahili kujulikana.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika mji wa Helsinki, nchi ya Finland, alianza kutengeneza Linux. Mwezi wa Agosti 1993 Ian Murdock aliasisi Debian, mradi wa watu wa kujitolea waliokusanya programu nyingi zifanye kazi pamoja na Linux. Programu zilipozidi, alihitajika karani wa bohari: programu ya kupokea kila mzigo, kuandika kila faili lilipowekwa, na kuliondoa lisipotakiwa tena. Karani wa Debian aliitwa dpkg.

Kuyaondoa mafaili ya programu yenyewe hakukuwa na hatari, maana yangeweza kupatikana tena. Shida ilikuwa mafaili ya mipangilio, ambayo kwa desturi hukaa katika saraka iitwayo /etc. Mafaili hayo huja pamoja na programu, lakini mwenye kompyuta huyabadili kwa mkono wake: huandika nani aruhusiwe kuingia, na barua zipelekwe wapi. Kazi hiyo yaweza kuwa ya siku nyingi, na ikifutwa pasipo nakala hairudi. Walakini mabaki yakiachwa daima, mashine hujaa takataka, na pengine neno la siri hubaki katika faili lisilokumbukwa na mtu.

Debian waliweka amri mbili. Ya kwanza, "remove", huondoa programu na kuacha mipangilio. Ya pili, "purge", hufuta vyote viwili. Baada ya amri ya kwanza, karani huandika daftarini kwamba programu imekwenda, mipangilio imebaki.

Red Hat ya Marekani, waliotoa RPM mwaka 1995, walishika njia nyingine. RPM hulikagua faili kwanza. Ikiwa halikuguswa, hulifuta. Ikiwa mwenyewe alilibadili, hulihifadhi kwa jina lenye mkia wa "rpmsave".

Njia ipi ni bora? RPM huheshimu kazi ya mtu bila kungoja kuulizwa, lakini faili lililohifadhiwa halimo tena katika daftari lake. Debian huacha hata yale yasiyoguswa, lakini hujua kilichobaki, na mwenyewe aweza kukifuta siku yoyote apendayo. Kwa hiyo naona Debian wamekaribia haki zaidi. Lisiloweza kurudishwa lisifutwe ila kwa idhini ya mwenyewe, na linalobaki liandikwe. Wazee wetu walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.