Kimya cha Sheria na Daftari la Kambi: Tazamo kutoka Kakanda

Makala haya yanachunguza nafasi ya watu wenye mapenzi ya jinsia moja katika historia ya sheria ya Kongo, yakianzia Kakanda, mji wa shaba na kobalti wa Katanga.

Msomaji aliyezoea nchi zilizotawaliwa na Uingereza atatarajia kukuta kosa la jinai. Tanganyika na Kenya ziliandikiwa katazo hilo katika kanuni zao za adhabu za mwaka 1930. Kongo ilirithi jambo jingine. Ufaransa ilikwisha kulifuta kosa hilo mwaka 1791, na nchi ambayo leo ni Ubelgiji iliunganishwa nayo mwaka 1795. Kwa hiyo, Kanuni ya Adhabu ya Kongo ya tarehe 30 Januari 1940 haikulitaja.

Je, kimya hicho kilikuwa uhuru? Historia ya miji ya shaba yaelekea kukanusha. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya Union Minière iliwahimiza wafanyakazi kukaa kambini pamoja na wake zao. Nyumba, posho, matibabu na shule vilipangwa kwa kufuata familia ya mume, mke na watoto. Na baada ya kampuni kutaifishwa mwaka 1967, Gécamines iliurithi mpango huo. Mwenzi wa jinsia moja hakushtakiwa kwa mapenzi yake, lakini pia hakuwa na mahali katika daftari.

Sheria ya taifa ilithibitisha mpaka huo. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilieleza ndoa kuwa ya mwanamume na mwanamke, na kifungu cha 40 cha Katiba ya mwaka 2006 kikatoa haki ya kuoana na mtu wa jinsia nyingine. Aidha, kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu, kihusucho kuvunja adabu hadharani, chaweza kutumiwa dhidi ya watu hao. Miswada ya mwaka 2010 na 2013 iliyotaka kuwaharamisha haikupita. Lakini Burundi, iliyotawaliwa pia na Ubelgiji, iliandika kosa hilo mwaka 2009.

Kwa kuhitimisha, kutokatazwa si sawa na kulindwa: bunge laweza kukivunja kimya hicho kwa kura moja. Ndiyo maana mtafiti wa haki hizi hana budi kusoma, pamoja na hukumu za mahakama, madaftari ya nyumba na posho.