Mpini Usiocheza

Wambaa, wilayani Mkoani, ni nchi ya minazi na mikarafuu. Mkulima hakosi panga. Mpini ukilegea, panga humgeukia mwenyewe.

Tazama kwa karibu: vipande viwili vya mbao hubana msuka wa panga, na kijibomba cha shaba hupenya vyote vitatu. Msumari wa chuma huliwa na kutu kwa hewa ya chumvi, shaba hustahimili. Kwanza hupashwa moto hadi iwe nyekundu, ipate kulainika. Ncha za kijibomba huachwa zitokeze kidogo tu. Fundi huweka mdomoni mwake kijibomba hicho chuma cha ncha ya mviringo, akagonga taratibu, huku na huku, hadi mdomo utanuke kama wa zumari. Pigo la pupa hupasua mbao. Tundu hubaki wazi, hupitishwa ugwe wa kutungikia.