Kilowati-saa katika daftari la mwenye pikipiki ya umeme

Mfanyabiashara mdogo anayesambaza mikate kwa pikipiki ya umeme, na kuichaji nyumbani kwake usiku, ana gharama moja isiyo na risiti. Mwenye pikipiki ya petroli huondoka kituoni akijua lita na bei. Huyu umeme wake umepita kwenye mita ileile inayowasha taa na friji ya familia. Kipimo cha kuitenganisha gharama hiyo ni kilowati-saa, yaani umeme unaotumiwa na kifaa cha kilowati moja kikiwaka saa moja nzima, na ndicho mitaani huitwa uniti. Naamini daftari la biashara liandikwe kilowati-saa kwanza, shilingi baadaye, na jina lenyewe liandikwe bila kuchomekwa “kwa” katikati.

Mara nyingi tunasoma “kilowati kwa saa”. Mtetezi wa mtindo huo atasema kwamba matumizi ndiyo hujenga lugha, tena “kwa” hutaja muda pia: tunasema vibarua watatu wamelima kwa siku nne, na mwenye shamba anajua anadaiwa malipo ya siku kumi na mbili za kibarua. Hoja hiyo ina ukweli, na “kilowati moja kwa muda wa saa moja” ni maelezo sahihi kabisa. Lakini yakifupishwa, msomaji husikia kilomita kwa saa, shilingi kwa kilo, yaani kugawanya, wakati hapa tunazidisha. Wati yenyewe ni juli moja kwa sekunde. Kilowati tayari ni kasi ya kutumia nishati, haihitaji kugawanywa tena. Anayechanganya kasi na kiasi hununua chaja ndogo akidhani amepunguza gharama, kumbe betri ileile itajaa kwa uniti karibu zilezile, ila kwa kuchelewa. Neno “uniti” halina kosa hilo na sioni sababu ya kulifukuza midomoni mwa watu. Upungufu wake ni kwamba halimwonyeshi mtu uhusiano wa mita na maandishi yaliyobandikwa kwenye chaja na betri.

Na maandishi hayo ndiyo pa kuanzia. Betri iliyoandikwa volti 72 na ampea-saa 40 hubeba, kwa kuzidisha, kilowati-saa 2.88. Hata hivyo sicho kiasi kinachotoka ukutani, kwa sababu chaja na betri hupata joto, na joto hilo limelipiwa. Tuseme asilimia 12 ya umeme wa ukutani inapotea njiani: kuijaza betri hiyo kutoka tupu kutachukua karibu kilowati-saa 3.27. Ndiyo maana asilimia inayoonekana kwenye dashibodi haifai kuwa msingi wa hesabu. Haioni kilichopotea, na betri inavyozeeka, asilimia mia yake inazidi kuwa ndogo. Kuzidisha kilowati za chaja kwa saa za kuchaji nako hupotosha, maana chaja hupunguza kasi betri inapokaribia kujaa. Kilichobaki ni kimita kidogo kinachochomekwa kati ya soketi na chaja, kisomwe kila wiki na namba iandikwe.

Wako watakaouliza kwa nini wahangaike hivyo, ilhali tokeni za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla nchini Tanzania, zinaonyesha shilingi. Jibu limo kwenye bei zenyewe. Katika bei za TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, zilizotangazwa 2016, kabla ya kodi na tozo, nyumba iliyo kundi la D1, la matumizi madogo, hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na 350 kwa kila inayozidi. Kundi la T1, la matumizi ya kawaida, hulipa 292 kwa kila uniti. Chukua nyumba inayotumia uniti 60, yaani shilingi 6,000. Pikipiki yenye betri ile ikichajiwa kutoka tupu siku 26 kwa mwezi huongeza uniti 85, jumla 145. Nyumba ikibaki D1 italipa 32,000, kwa hiyo kila uniti ya pikipiki imegharimu kama shilingi 306. Ikihamishiwa T1 italipa 42,340: nyongeza ni 36,340, karibu 428 kwa uniti, zaidi ya bei zote za uniti tulizotaja! Pikipiki imeipokonya familia nafuu yake. Jumla ya tokeni haiwezi kumwonyesha mtu hilo. Hesabu ya uniti inaweza.

Sasa mwenye pikipiki aliyehamishiwa T1 aandike gharama ipi? Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya 2004, sawa na ile ya Kenya, hukubali matumizi yaliyofanywa kwa ajili ya kupata mapato tu. Kwa maoni yangu, daftari la kodi lichukue uniti 85 kwa bei ya T1, yaani 24,820, kiasi ambacho kumbukumbu za kimita zinaweza kukitetea mbele ya mkaguzi. Zile 11,520 zilizobaki zimeongezeka kwenye taa na friji, hivyo ni vigumu kuziita za biashara. Hata hivyo zimetoka mfuko uleule, na anayepanga bei ya kusambaza mikate bila kuzihesabu anajipunja.

Nchini Kenya hesabu hiyohiyo huamua jambo jingine. Bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri iliyoidhinishwa 2023 ilikuwa shilingi 16 kwa kilowati-saa, na 8 katika saa za matumizi madogo, kabla ya tozo, kwa anayetumia kati ya kilowati-saa 200 na 15,000 kwa mwezi. Mwenye pikipiki moja ya uniti 85 hafiki huko, na mbili bado hazitoshi. Ya tatu inafikisha 255, na hapo ndipo kuomba mita ya pekee kunapoanza kuwa na maana.