Kangaga la Mlimani na Jina Lake

Katika zoezi moja la tafsiri niliwapa wanafunzi aya ya Kifaransa kuhusu msitu wa Kibira. Walikwama kwenye neno "fougère". Kijana wa Buyenzi, aliyekulia katika Kiswahili, aliandika "mgomba mdogo". Binti wa Kayanza aliujua mmea wenyewe vizuri, ila jina la Kiswahili hakuwa nalo.

Kamusi zinatupa kangaga, wingi makangaga. Lakini neno hilo limetoka pwani. Huko Pemba, ambako kuna hata kijiji kiitwacho Kangagani, mtu akilisikia hufikiria mmea wa mahali penye majimaji. Kangaga la Kibira lina shina kama mti, humzidi mtu kimo na kutandaza majani kama mwavuli. Wataalamu huliita Cyathea manniana, kwa heshima ya Gustav Mann, Mjerumani aliyekusanya mimea katika milima ya kisiwa cha Bioko miaka ya 1860. Tusishangae kwamba mmea wa kisiwa cha Atlantiki uko pia kwetu na Usambara. Makangaga hayana maua wala mbegu. Huzaa kwa vumbi jepesi linaloota chini ya majani, na upepo hulipeleka mbali.

Suala la jina limewahi kutokea kwingine. Kisiwa cha Réunion hakikuwa na wakazi wa kudumu hadi mwaka 1663, walipofika Wafaransa wawili na Wamalagasi kumi. Wafaransa hawakuwa na makangaga ya namna hii kwao; Wamalagasi walikuwa nayo. Basi hadi leo watu wa kisiwa hicho husema "fanjan", neno la Kimalagasi, ingawa walioleta lugha hiyo wengi wao walikuwa watumwa. Mashina yalichongwa vyungu vya maua, yakakatwa mno, ikabidi ukataji udhibitiwe.

Majirani zetu wa Rwanda husema igishigishigi, na njia moja ya watalii msituni Nyungwe imepewa jina hilo. Nyungwe na Kibira ni msitu mmoja uliokatwa na mpaka.

Kibira ilikuwa mawindo ya mwami. Wabelgiji waliifanya hifadhi mwaka 1933, ikawa mbuga ya taifa mwaka 1980. Chai ya Teza na Rwegura imepandwa ukingoni mwake, na vita vilivyoanza mwaka 1993 viliingia hadi ndani. Kangaga la mlimani hupenda kivuli na unyevu wa mabondeni. Miti mikubwa ikiondolewa, hukauka. Neno "chai" kila mwanafunzi wangu analijua.

Siku ile tuliafikiana kuandika "kangaga mti". Binti wa Kayanza alilichora ubaoni, shina na mwavuli wake, na kijana wa Buyenzi akaandika jina chini ya mchoro. Kisha akauliza kama Kibira kunafikika kwa basi.