Daftari la Mji na Wenye Mji

Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo ni kweli. Lakini, msomaji, yafaa ujiulize jambo moja zaidi. Daftari likifungiwa kabatini, likasomwa na karani peke yake, mwenye mali atajuaje kama mali yake ingalipo? Mji nao una madaftari yake. Humo huandikwa waliozaliwa na waliokufa, kodi zilizolipwa na faini zilizotozwa. Madaftari hayo hugharimiwa kwa fedha za wenyeji. Basi ni haki yao kuyasoma.

Jambo hili si geni. Katika karne ya 17, makarani wa parokia za London walikuwa wakichapisha kila juma hesabu ya watu waliokufa na maradhi yaliyowaua, na mtu yeyote aliyelipa ada aliweza kuipata. Wengi waliisoma ili wapate la kuzungumza tu. Na matajiri, tauni ilipoingia, waliitazama wapate kujua kama wakati wa kuuhama mji umefika. Lakini mfanya biashara mmoja wa nguo, jina lake John Graunt, alizikusanya karatasi za miaka mingi, akazilinganisha. Katika mwaka wa 1662 alitoa kitabu. Humo alionyesha ya kwamba watoto wa kiume waliozaliwa walizidi kidogo wa kike, tena akakadiria ya kwamba katika kila watoto 100, 36 walikufa kabla ya kutimiza miaka sita. Hakuwa tabibu wala mtawala. Alikuwa na karatasi zilizokuwa wazi, na subira ya kuzihesabu.

Sasa tuvuke bahari na karne tatu na nusu, twende New York. Mwezi wa Machi 2012, meya Michael Bloomberg alitia sahihi sheria iliyoziamuru idara za mji kuweka hesabu zake mahali pamoja kwenye intaneti, zisomwe na kila mtu bila malipo. Zilikuwamo faini za magari. Mwaka wa 2016 mwalimu mmoja wa chuo, mwenyeji wa mji huo, alizichungua. Alijua ya kwamba tangu mwisho wa mwaka wa 2008 kanuni ilikuwa imebadilishwa, ikawa halali kuegesha gari penye mteremko wa ukingo wa njia, mradi hapana kivuko cha waendao kwa miguu. Lakini daftari lilionyesha ya kwamba polisi waliendelea kuwatoza faini watu wasio na hatia, mahali pale pale, mara kwa mara, hata ikafika mamilioni ya dola.

Mtu mmoja akinung'unika, huambiwa kwamba hana ushahidi. Naye hulipa akanyamaza. Bali maelfu ya faini zikipangwa pamoja, huonekana kosa ni la nani. Polisi walikiri ya kwamba askari wa doria hawakuielewa kanuni mpya, wakawapa mafundisho. Mji uliofunua daftari lake ulisahihishwa na mwenyeji wake, wala heshima yake haikuvunjika.

Hata hivyo, si kila ukurasa ufunuliwe. Jina la mgonjwa na siri ya nyumba ya mtu ni amana. Kinachofunuliwa ni hesabu ya mji, si aibu ya jirani.

Na sisi Kenya je? Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na mwaka wa 2016 Bunge lilitunga sheria ya kuitekeleza haki hiyo. Basi mlango upo. Lakini njia isiyopitwa huota nyasi. Ukisikia ya kwamba kaunti yenu imetumia fedha kadha wa kadha kujenga soko, usiseme hayo ni mambo ya wakubwa. Iombe hesabu, uisome, kisha uende sokoni ukatazame kwa macho yako. Graunt mwenyewe alisema alitumia hesabu za dukani tu. Na hizo, msomaji, wewe umekwisha kujifunza.