Hasira Ndani ya Nyumba na Neno la Talaka

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Makangale, shehia ya kaskazini ya Pemba jirani na msitu wa Ngezi, wengi ni wavuvi na wakulima. Baba hukesha baharini akarudi na samaki wa kuliwa usiku mmoja. Mama naye ameshinda na kuni, watoto na mgonjwa. Kwenye simu kuna ujumbe wa mdai. Hapo neno dogo tu, "mbona umechelewa?", huwasha moto, na wengine humalizia kwa "nimekuacha".

Hasira. Hasira ni maumbile. Katika Sahihi Bukhari, mtu aliomba wasia, Mtume (S.A.W.) akamkataza kukasirika, akalirudia hilo. Wanazuoni wameeleza kuwa kinachokatazwa ni kuitii hasira. Abu Daud amepokea kuwa aliyekasirika akiwa amesimama akae, na isipomtoka alale.

Kumhisi mwenzako. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Mtume (S.A.W.) akisikia kilio cha mtoto katika sala, akiifupisha kwa kuchelea dhiki ya mama yake. Ikiwa sala ilifupishwa kwa ajili ya moyo wa mama, vipi sisi tusifupishe lawama?

Talaka ya hasira. Ibnul Qayyim ameigawa hasira mafungu matatu:

1. Hasira ndogo, mtu anajua asemalo: talaka inapita bila khitilafu.
2. Hasira iliyomwondoa akili hata hajui alichotamka: haipiti.
3. Iliyo baina ya hizo: wanazuoni wamekhitalifiana. Yeye ameona haipiti. Jamhuri, na ndiyo madhehebu ya Imamu Shafi yafuatwayo na wengi visiwani kwetu, wanaona inapita maadamu mtu anajitambua.

Kwa hiyo "nilikuwa na hasira" peke yake si udhuru. Aliyetamka asijihukumu mwenyewe wala asitafute jawabu barazani. Yeye na mkewe waende kwa Kadhi, waeleze yaliyotokea kama yalivyokuwa.

Nasaha yetu kwa wanandoa: ukiingia nyumbani, toa salamu kwanza, kisha uliza mwenzako ameshindaje, na umsikilize mpaka amalize. Likikuzidi, tia udhu, utoke nje kidogo. Bahari ikichafuka, nahodha hungoja itulie ndipo atweke tanga. Na ulimi ni vivyo hivyo.

Wallahu a'alam.